Kanuni ya Kuitana Majina

Jumatatu, 3 Februari

Nimefagia, nimefuta ubao, nimejaza maji kwenye jerikani la kunawia mikono. Kisha nikabisha mlango wa chumba cha walimu na kusubiri nje, kama kila asubuhi.

Siwezi kuacha kubisha. Nilisoma shule hii hii ya mabati, darasa la kwanza hadi la nane, na mlango ule ulikuwa wa kubishwa. Leo aliyefungua ni Kevin, mwalimu wa Gredi ya Tatu. Kila mtu humwita Kevo. "We ni mwalimu, unabisha nini? Umekuja kuchukua daftari lako?" Walimu wengine ndani wakacheka. Nikacheka nao. Sikupenda.

Mimi ni msaidizi wake. Nilimaliza kidato cha nne Novemba, na chuo ni Septemba, kama nitaitwa. Kevo amenipa watoto wanne wasiojua kusoma nikae nao barazani ili yeye aendelee na wengine. "Washikilie hapo," alisema. Sijui niwashikilie namna gani. Nawasomea hadithi, wanaikariri vizuri. Nikifunika picha hawajui hata neno moja. Hodan, msichana wa pekee kati yao, hufunika mdomo kwa kitambaa chake cha kichwani ili nisione kama midomo inatembea.

Upande wa pili wa mabati ni Gredi ya Pili, kwa Madam Rukia. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Namsikia siku nzima, sauti ile ile, haijazeeka. Ningependa kumwuliza alifanyaje na sisi. Bado sijamwuliza.

Baba alikuwa ameshaondoka nilipofika nyumbani. Analinda godauni moja Industrial Area, zamu ya usiku. Asubuhi tunapishana mlangoni, yeye anaingia kitandani nikitoka. Mama yuko Bungoma akimuuguza nyanya. Chumba chetu ni kimoja tu na bado leo kimenishinda ukubwa.

Ijumaa, 7 Februari

Kikao cha kwanza cha walimu cha kujiendeleza. Vitakuwa kila Ijumaa watoto wakishaenda nyumbani. Mwalimu Mkuu alihudhuria semina likizoni na amerudi na moto. Zamani, wanasema, vikao vilikuwa malalamiko na chai. Sasa tutakuwa na ajenda, tutakuwa na kanuni, na kila mmoja ataongoza kikao chake.

Nilipewa kazi ya kuandika kwenye karatasi ya manila kwa sababu ya mwandiko wangu. Nilifurahi. Mtu anayeandika huwa amewapa watu mgongo.

Kanuni zilikuja haraka. Kuanza kwa wakati. Simu zisilie. Kila mtu azungumze mara moja kabla ya mwingine kuzungumza mara mbili. Kevo alitaka tuandike kwamba mandazi yafike yakiwa moto. Wakamzomea. Kisha Mwalimu Mkuu akatoa yake. Ndani ya kikao hakuna Madam, hakuna Mwalimu Mkuu, hakuna cheo chochote. Tuitane majina. "Mimi ni Beatrice," alisema. "Humu sote tunajifunza. Tuko sawa."

Walipiga makofi. Kevo akageuka papo hapo. "Niaje, Rukia!"

Madam Rukia alicheka hadi akajifunika uso kwa mtandio. "Ngoja nikupate nje, wewe."

Niliiandika kanuni hiyo kwa herufi kubwa kama zile nyingine.

Ilipofika zamu yangu ya kusema nilikuwa na swali tayari. Madam, sisi ulituanzia wapi? Nikafungua mdomo. Neno la kwanza la swali langu lilikuwa limekatazwa dakika chache tu zilizopita, na sikuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Nikasema, "Naunga mkono." Mwalimu Mkuu akauliza naunga mkono nini. Nikasema yote.

Kisha ratiba ya kuongoza. Yangu ni tarehe 28 Machi. Mwalimu Mkuu alisema waziwazi kwamba msaidizi asiyeweza kusimama mbele ya wenzake hawezi kuachiwa darasa, na kwamba kabla ya kufunga muhula ataangalia nani arudi Mei. Hakunitazama alipokuwa akisema. Hakukuwa na haja. Msaidizi ni mimi peke yangu.

Nataka kurudi Mei. Sina mahali pengine ninapongojwa asubuhi.

Jumapili, 9 Februari

Nimejaribu mbele ya kioo. Rukia. Rukia. Ni kama kumvua mtandio mbele za watu.

Kanisani nilikaa karibu na mlango. Wasichana niliomaliza nao hawapo. Mmoja ameolewa. Mmoja yuko Eldoret kwa dada yake. Kundi letu la simu limenyamaza tangu matokeo yatoke. Mtu wa pekee aliyeniuliza habari ni mama wa mboga pale chini ya ghorofa, na ni kwa kuwa nilinunua.

Baba alilala mchana kutwa. Nilipika, nikafunika chake, nikala changu nikiwa nimesimama dirishani. Watu wengi sana hapa mtaani Kayole. Wote walikuwa wanaenda mahali.

Jumatano, 12 Februari

Mwalimu Mkuu ameamua kanuni ya majina itumike hata nje ya kikao ili tuizoee. Chumba cha walimu sasa ni Rukia huku, Beatrice kule. Wanaitana kwa kelele, kama mchezo wa watoto. Kwao ni rahisi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanguswa kamasi na Madam Rukia. Mimi alinipangusa kamasi kwa leso yake mwenyewe, na akanifundisha kufunga viatu.

Nimepata njia zangu. Nangoja anitazame ndipo niseme. Chaki ikiwa mbele yake nazunguka meza. Asubuhi nilikuwa nikisema, "Habari ya asubuhi, Madam." Sasa nasema "Habari" peke yake, na inaanguka sakafuni kabla haijamfikia. Leo hakuitika. Sijui kama hakusikia.

Nikimwita jina namvunjia heshima. Nikimwita Madam navunja kanuni mbele ya mtu atakayeamua kama nitarudi Mei. Kwa hiyo simwiti.

Jumatatu, 17 Februari

Kanuni imerudishwa ndani. Mtoto mmoja wa Gredi ya Pili alikuwa amewasikia walimu. Wakati wa mapumziko akaja mbio uwanjani akilia, "Rukia! Rukia! Huyu amenipiga!" Uwanja wote ukanyamaza. Halafu uwanja wote ukajaribu. Beatrice! Kevin! Wengine walimwita mpishi kwa jina ambalo hata sisi hatukulijua. Mama mmoja aliyeleta dawa ya mtoto wake alisimama langoni akashika kiuno. "Kwani hapa ni shule ama ni soko la Gikomba?"

Mwalimu Mkuu alitoka ofisini uso ukiwa umekunjamana. Sasa majina ni ndani ya kikao na ndani ya chumba cha walimu tu. Mbele ya watoto, Madam na Mwalimu kama zamani.

Nilidhani nitapumua. Lakini nimekaa siku nyingi bila kumwita, na nikimwita leo ataniuliza nilikuwa wapi. Nimempita barazani mara mbili. Mara ya pili nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Ijumaa, 21 Februari

Madam Rukia aliongoza kikao. Alitufanya sisi watoto wake. Tulikaa kwenye yale madawati ya chini, magoti ya Kevo yakigonga kidevu. Alitembea kati yetu na kadi zake za maboksi, akatuonyesha sauti, akatupigisha makofi kwa kila silabi. Nilijua makofi yatakapoangukia. Mikono yangu ilikumbuka kabla ya kichwa. Ndiyo saa ya kwanza ya furaha mwezi huu, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kisha akauliza kama kuna maswali. Watu wakauliza. Akanigeukia mimi. "Phanice?"

Alikuwa anangoja. Aliinamisha kichwa kidogo, vile alivyokuwa akifanya nikikwama kwenye neno. Nilikuwa na swali. Nilikuwa na watoto wanne. Nikatazama manila.

"Hamna," nikasema. Si "Hamna, Madam." Hamna tu, kama mtu anayemjibu mchuuzi.

Kevo akadakia, "Huyu amemeza chaki." Wakacheka. Madam hakucheka. Alikusanya kadi zake moja moja akazifunga kwa mpira.

Namchukia Kevo. Najichukia zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwezi wa Ramadhani. Madam anafunga, kwa hiyo saa ya chai habaki nasi, anakaa darasani kwake. Nilifikiri hiyo ndiyo nafasi yangu, yeye peke yake, bila kanuni. Nikaenda hadi mlangoni kwake. Alikuwa ameinama anasahihisha. Nikasimama hapo. Nikarudi.

Kevo aliniona. Wakati wa kutoka akanivuta kando, kwa mara ya kwanza bila mzaha.

"We, uko na shida gani na Madam Rukia?"

"Sina."

"Ye anasema umekuwa na maringo. Ati ulikuwa ukimbebea mkoba hadi steji ya matatu, sasa umepata kitambulisho humjui tena. Ati hata salamu ni kama unamtupia."

"Amesema hivyo?"

"Si nakuambia? Na hakusema kwa hasira. Hiyo ndiyo mbaya."

Nilienda chooni nikalia. Niliporudi barazani Hodan alinitazama sana, kisha akaniuliza naumwa na nini. Nikasema jicho. Akanipulizia.

Maringo. Mimi. Hata nisingejua pa kuyaanzia.

Jumamosi, 8 Machi

Baba hakuwa na zamu. Tulikunywa chai pamoja kama watu. Nikamwambia habari yote, na huwa simwambii mambo.

Akasema kazini kwao msimamizi ni kijana wa karibu umri wangu. Baba humwita afande. Kijana naye humwita yeye mzee. "Na kazi inaenda."

"Mkiambiwa muitane majina?"

Alifikiri. "Nani atatuambia kitu cha ujinga hivyo?"

"Mwalimu Mkuu wetu."

"Basi mwambie hivyo."

"Siwezi kumwambia Mwalimu Mkuu ni ujinga, Baba."

"Usiseme ujinga. Sema huwezi." Akanywa chai. Kisha akalala akiwa ameketi, kikombe mkononi. Nilikitoa vidoleni polepole. Sikuwa nimemaliza kuzungumza.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Baraza inavuja. Niliwaweka watoto kwenye kona kavu tukachora tu. Sijazungumza na mtu mzima tangu asubuhi. Nilisema "shukisha" kwa kondakta. Basi.

Jumatatu, 24 Machi

Kikao changu ni Ijumaa. Nimeandaa ajenda. Sala. Kupitia kanuni zetu. Watoto wasiojua kusoma. Mengineyo.

Hiyo ya pili nimeiandika kwa makusudi. Semina yenyewe ilisema, Mwalimu Mkuu alitusomea, kwamba kanuni ni za wote na zinaweza kupitiwa. Nitasema kwa adabu kwamba kuna moja inayonizuia. Nimeandika sentensi na kuikariri. Nimeisema kwa sufuria, kwa ukuta, kwa kitanda cha Baba kikiwa kitupu. Sentensi ni nzuri. Mwenye kuisema ndiye nisiyemwamini.

Jumatano, 26 Machi

Mwalimu Mkuu ameirudisha ajenda yangu. Amekata mstari wa pili kwa kalamu nyekundu.

"Kanuni hazipitiwi katikati ya muhula, Phanice. Tukianza hivyo, wiki ijayo Kevin atataka tuchelewe hadi saa kumi na moja." Hakusema kwa ukali. Kisha akasema ningepaswa kuongoza kwa kumwalika kila mmoja kwa jina, ili watu wazoee kunisikia. "Ijumaa nataka kukusikia. Nina sababu."

Nilisema sawa. Nilisema asante pia. Sijui asante ya nini.

Kwa hiyo nitaita majina. Kevin naweza. Beatrice labda. Nikifika kwa yule wa tatu sijui itakuwaje.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika kabla sijasahau mpangilio.

Tulikaa darasani kwa Madam Rukia. Alichagua dawati la nyuma, mbali. Alikuwa amechoka na saumu, midomo mikavu. Nilibandika ajenda ukutani. Kevo akaomba sala fupi, akamwomba Mungu anipe sauti. Sijui kama ulikuwa mzaha.

Nikaeleza shida. Watoto wanne, wanakariri, hawasomi. Nilisema nikitazama ukuta, lakini nilisema. Kisha nikaanza kualika.

"Kevin, wewe unaonaje?" Akajibu kwamba yeye ana wengine wengi mno, ndiyo maana aliwatoa nje, na kwamba anajua si sawa. Sikutarajia hayo.

"Beatrice." Ilitoka ndogo. Mwalimu Mkuu akatabasamu, akasema lake.

Kisha dawati la nyuma. Alikuwa anatazama mikono yake. Nikaona hangoji kitu kutoka kwangu tena, na hilo liliniuma kuliko kanuni yoyote.

"Madam Rukia," nikasema.

"Kanuni, Phanice," akasema Mwalimu Mkuu, taratibu.

Nikajaribu. Naapa nilijaribu. Herufi ya kwanza ilifika kwenye meno ikakaa hapo. Watu wakaanza kusogeza viti. Mtu akakohoa.

"Humu tuko sawa," Mwalimu Mkuu akasema. "Usiogope."

"Hatuko sawa," nikasema. Sauti ilikuwa kubwa, nikashtuka kama imetoka kwa mtu mwingine. "Nina watoto wanne sijui nifanye nini nao. Yeye anajua. Alinifundisha mimi humu humu ndani. Nikimwita Rukia ni kama sina cha kumwuliza." Ile sentensi niliyoikariri haikuja hata kidogo. Nikamgeukia yeye. "Siringi. Sikuwa na namna ya kukuita. Ndiyo maana sikukuita."

Hapo nikalia, mbele ya ajenda, nimeshika kalamu nene bila kifuniko. Wino umeingia kwenye sketi.

Kisha Madam akasema kutoka nyuma, "Ni hilo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wiki zote hizi, mtoto wewe, ni hilo? Na mimi nalala nikijiuliza nimekukosea wapi." Akasimama, akajifunga mtandio upya. "Beatrice, kanuni yako naiheshimu. Lakini huyu mwache aniite anavyojua kuniita, la sivyo tutakaa hapa hadi magharibi, na mimi nina futari ya kupika."

Watu walicheka. Kevo alicheka kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Mwalimu Mkuu hakucheka. Alitazama manila ya kanuni, akanitazama mimi, akaandika kitu. "Endelea na ajenda," akasema.

Nikaendelea. "Madam, sisi ulituanzia wapi?"

"Kwenye majina yenu," alisema. "Hadithi weka kando kwanza. Mtoto mpe jina lake, alikate vipande, alipange, alivuruge, alipange tena. Akilimiliki hilo, mtafutie neno lingine lenye sauti zile zile. Wewe ulikataa kuvuruga lako. Ulilia kama leo."

Wakacheka tena. Safari hii sikuchukia.

Lakini nilivunja kanuni mbele ya kila mtu, na nikamkatalia Mwalimu Mkuu. Alituambia mapema ni nini anachoangalia. Sidhani Mei nitakuwepo.

Jumanne, 1 Aprili

Jana shule ilifungwa kwa ajili ya Idd. Leo Madam amekuja na hina mkononi na biskuti kwenye kopo. Nilipoingia chumba cha walimu nilisema, "Habari ya asubuhi, Madam." Ndani kabisa ya chumba, kanuni ikiwa ukutani. Akaitika. Hakuna aliyesema kitu.

Kisha Mwalimu Mkuu akaniita ofisini. Nilisimama. Akasema niketi.

Akaniambia alianza kazi akiwa na umri kama wangu, shule moja huko Kakamega. Chumba cha walimu kilijaa wakubwa. Wao walikuwa Madam na Mwalimu. Yeye alikuwa "we msichana". We msichana, lete chai. We msichana, funga dirisha. Alikaa hivyo muda mrefu, na siku alipokuwa na jambo la kusema kuhusu mtoto mmoja hakulisema. Hakuniambia ilikuwaje kwa huyo mtoto. Niliona afadhali nisiulize.

"Kule semina walipotaja majina nilikuona wewe," alisema. "Ile kanuni niliiweka kwa ajili yako."

Nilikuwa nimeiogopa miezi miwili, na ilikuwa zawadi. Nilisema, "Pole, Mwalimu." Kisha nikasema, "Asante." Akaondoa miwani, akajisugua macho. Alionekana mchovu, na peke yake pale ofisini, kama mimi barazani.

Kanuni itabaki, alisema. Wengine inawasaidia. Kevin hakuwahi kubishana naye hadi aliporuhusiwa kumwita kwa jina. Kuhusu Mei, atanijibu siku ya kufunga.

Watoto wangu wanne wamehamia kwa Madam saa ya kwanza kila siku, nami nakaa nao. Nakata, yeye anaonyesha. Hodan alipewa jina lake katika vipande na akaviweka vyote kinywani kitambaa kikiwa kimeanguka. Tulivitoa kimoja kimoja.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumefunga.

Mwalimu Mkuu aliniambia langoni, akihesabu funguo, bila kusimama. Nirudi Mei. Si kwa Kevo. Madam Rukia ameomba niwe kwake. Ila kuongoza kikao, hapana, si muhula ujao. "Utakaa usikilize kwanza. Na utazungumza, mara moja kabla ya wengine kuzungumza mara mbili." Nikasema ndiyo, Mwalimu.

Nilidhani nitaruka. Sikuruka. Nilienda nikaketi kwenye kona ya baraza mahali tulipokuwa tukikaa nikatazama uwanja. Watoto walikuwa wameondoka na ripoti zao. Kevo alipita na begi lake. "Likizo njema, mwalimu wangu. Utanimiss." Nikamwambia sitammiss. Akafurahi sana.

Hodan ameandika jina lake kwenye vumbi la dirisha. Herufi moja inatazama nyuma. Wale wavulana watatu bado. Mmoja anajua sauti mbili tu na anaziweka kila mahali.

Mchana nilibaki na Madam darasani kwake. Alikuwa amekusanya maboksi ya maziwa na ya sabuni. Tulikaa chini kwenye mkeka, tukikata kadi za muhula ujao. Hatukuzungumza juu ya yale ya Ijumaa iliyopita. Hatukuzungumza juu ya jambo lolote, kwa kweli. Nilimwita mara mbili, kuomba makasi. Aliyasogeza bila kuinua macho.

Alipoondoka aliniachia makasi na maboksi yaliyobaki, nikayamalizie nyumbani.

Baba ameshaenda kazini. Likizo ni wiki nyingi na sijui nitazungumza na nani. Maboksi nimeyapanga chini ya meza. Nitaanza kesho asubuhi Baba akishalala, polepole, makasi yasipige kelele.